Kinyoya Kilichogusa Sari

Kila asubuhi kabla ya shule, Vatsala aliupiga ukuta wa ua wao mjini Pune kwa kinyoya chake cha badminton, pa! pa! pa!, mpaka bibi yake akafunika masikio.

"We mtoto, una siafu miguuni? Njoo ule!"

Vatsala alimega chapati ya mtama akiwa amesimama. Leo alikuwa akicheza na Nalini, na mshindi ndiye angekwenda Bombay kwenye mashindano ya wasichana.

Mwalimu wake alikuwa shangazi yake, Malati, mwanamke wa kwanza wa mtaa wao kushika raketi mbele za watu. Alicheza na wanaume kwa miaka, kwa kuwa hapakuwa na wanawake wa kucheza nao, na kombe la jimbo alilitwaa akiwa ndani ya sari. Vatsala naye alivaa sari, maana bibi hakutaka kusikia habari za sketi fupi.

Mchezo ulikuwa mkali. Wakiwa sare, imebaki pointi moja tu, kinyoya kilimjia Vatsala chini chini. Kikagusa pindo la sari yake, kidogo sana, ndipo akakipiga. Kikaanguka upande wa Nalini.

"Vatsala ameshinda!" refa akatangaza.

Watu wakashangilia. Kinyoya kikigusa nguo, pointi ni ya mwenzako. Hilo Vatsala alilijua vizuri, na refa hakuona. Nalini alimpa mkono huku machozi yakimlengalenga.

"Nenda ukawaonyeshe, mwenzangu," Nalini alisema.

Vatsala akakaa, akainuka, akakaa tena.

"Mbona umenuna? Si umeshinda?" rafiki zake walimtania.

Refa alikuwa anakusanya vitu vyake Vatsala alipomfikia mbio.

"Mjomba, kiligusa sari yangu. Pointi ni ya Nalini."

"Una hakika, binti? Mimi sikuona."

"Mimi nilikisikia kikigusa nguo."

Refa akabadilisha matokeo. Safari ikawa ya Nalini. Vatsala alilia waziwazi, akimwogopa shangazi yake kuliko mtu yeyote.

Shangazi Malati alimfuta uso kwa ncha ya sari yake mwenyewe.

"Unajua walisemaje nilipoanza? 'Mwanamke na sari yake! Kinyoya kitagusa nguo, naye atanyamaza.' Basi kila kilipogusa, nilisema mwenyewe, kwa sauti. Nilishindwa michezo mingi hivyo, mwanangu, na niliumia. Lakini siku niliyoshinda, hakuna aliyethubutu kusema nimeiba."

"Lakini Bombay nimeikosa, shangazi."

"Umeikosa mwaka huu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi sitaki ufike Bombay tu, nataka ufike mbali. Ushindi wa wizi ungekufunga miguu hata huko. Haya, twende nyumbani ukale, kesho tuna kazi."