Kabla Kamera Haijajibu

Saa 3:10 asubuhi. Kilosa, chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga.

"Mlinzi anaangalia kamera kwenye kompyuta," Hildegarda alisema. Ndiye aliyeuweka mtandao wa stoo ya rubi waliyopanga kuiibia, Mikumi, kabla hajafukuzwa kazi. "Kompyuta yake inakariri anwani fulani ni ya kifaa kipi. Nitaidanganya kwamba kamera ni laptopu yangu. Mlinzi ataona picha za jana."

"Kwa muda gani?" Kasian aliuliza. Kiongozi wao. Macho makavu.

"Inakariri dakika mbili tu. Zikiisha inafuta, inauliza upya, na kamera halisi itajibu. Lazima niurudie uongo kabla hazijaisha."

"Basi usipitiwe."

Amon, dereva, alipiga miayo. Hakuwa amelala vizuri tangu Machi. Akifumba macho alimwona Jastin, mume wa Hildegarda, akizama mto Mkondoa kule Kidete. Mjane aliambiwa aliteleza, na mwili haukupatikana.

Saa 6:40 mchana. Mikumi.

Kasian aliruka ukuta. Wawili walibaki garini. Hildegarda akabonyeza kitufe. Baada ya dakika moja na nusu, akabonyeza tena.

"Macho yako mekundu. Hulali, shemeji?" alimuuliza Amon.

"Namwona Jastin."

"Hata mimi namwota. Kalowa, anataka kusema kitu."

Amon aliung'ang'ania usukani. "Hakuteleza. Kasian alimpiga risasi ya mgongo, wakigombania mgawo wa wizi uliopita. Nilikuwepo."

Saa 6:47.

Hildegarda hakulia. "Alikufa palepale?"

"Hapana. Alikuita."

Hildegarda aliondoa kidole kwenye kitufe.

Redio ya mawasiliano mapajani pa Amon ikakoroma. Kasian. "Bado kidogo. Kazeni."

Hakuna aliyejibu. Dakika ya kwanza ikapita. Amon angeweza kumwonya. Ya pili ikapita.

Kompyuta ya mlinzi ikafuta uongo. Ikauliza anwani ile ni ya nani. Kamera ikajibu, na mlinzi akamwona Kasian kwenye skrini, mkoba begani.

King'ora. Risasi mbili. Kisha redio: "Amon! Leta gari! Amon, mdogo wangu!"

"Ondoa gari," Hildegarda alisema.

"Kwenda wapi?"

"Polisi. Utasema ulichoniambia. Chote."

Saa 7:05.

Kwenye kaunta ya kituo cha polisi alikuwepo askari mwanamke, mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mna shida gani?"

Amon alimtazama Hildegarda. Hildegarda alimvutia kiti, akasimama pembeni yake, akasubiri aanze kusema.