Ngozi ya Da-on Haisuguliwi

Kila Jumapili Bibi Mal-sun alimpeleka mjukuu wake Da-on kwenye bafu la umma. Walilowa kwanza katika maji ya moto. Kisha Bibi alivaa mkononi kitambaa chake cha kijani, kile cha kukwaruza kilichoshonwa kama glavu, akamsugua mtoto mpaka nongo zitoke.

Jumapili hiyo aliona mabaka mekundu kwenye viwiko na magoti ya mtoto. Yalikuwa na magamba meupe.

"Uchafu gani huu!" Akasugua kwa nguvu.

"Bibi, inauma!"

"Nyamaza. Nongo hazitoki kwa kubembelezwa."

Damu ikatoka. Mwanamke mmoja akamvuta binti yake kando, akamgeukia Bibi.

"Mama, huyo si atatuambukiza sote?"

Bibi akamfunika mtoto taulo, wakatoka mbio.

Baada ya wiki mbili mabaka yaliongezeka, na palepale alipokwaruza. Hofu ikamkaba Bibi. Je, chekechea watamfukuza? Je, ataoza mwili mzima? Akamtengea Da-on bakuli lake na kijiko chake. Akamlisha peke yake pembeni.

"Bibi, mimi ni mbaya?"

Bibi akamsogezea kijiko.

Jirani yao Gyeong-ran, muuguzi wa kliniki ya ngozi, alileta kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili.

"Mama, mbona mtoto anakula peke yake?"

"Usimsogelee, mwanangu! Ana kitu."

Gyeong-ran akaketi hapohapo, akaishika mikono ya Da-on.

"Naona kama soriasisi. Daktari ndiye atakayethibitisha. Hauambukizi ugonjwa huu, hata mkila bakuli moja."

"Sasa mbona umeenea?"

"Ulimsugua?"

Bibi akainamisha kichwa.

"Ngozi yake inaota haraka kupita kiasi. Ukiikwaruza, mabaka mapya yanatokea penye jeraha."

Bibi akalia. Alikuwa amemuumiza mwenyewe.

Daktari alithibitisha. Alisema ugonjwa unaweza kurudi, lakini hutulizwa. Akatoa dawa ya kupaka. Kila siku Bibi alimwogesha Da-on kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha taratibu, akampaka dawa na mafuta kama alivyoelekezwa. Mabaka yakafifia.

Wakarudi bafuni. Mwanamke yule akakunja uso.

"Hauambukizi!" Bibi akasema, bafu zima likasikia. "Nakula naye bakuli moja!"

Da-on alipokiona kitambaa cha kijani, akarudi nyuma. Bibi akamvisha yeye mkononi, kisha akageuza mgongo.

"Leo nisugue mimi. Aa! Polepole, mtoto!"

"Nyamaza, Bibi," Da-on akacheka. "Nongo hazitoki kwa kubembelezwa."