Nilinyamazisha Kelele ya Pikipiki, Nikavunja Ndoa ya Dada Yangu

Nina umri wa miaka thelathini na saba, fundi pikipiki hapa Tunduma. Nina mke na watoto watatu, na gereji yangu haikosi wateja. Ukinipita asubuhi nimeshika spana utasema huyu bwana maisha yamemnyookea... Laiti ungejua!

Ndugu wasomaji, mimi ndiye niliyevunja ndoa ya dada yangu wa tumbo moja. Sikutumia fitina wala uchawi. Nilitumia spana na grisi.

Dada yangu Salome aliolewa na Ezekia, kijana kutoka milima ya Ileje. Alikuwa mpole, mtu wa kanisani, na alilisha nyumba yake kwa bodaboda hapa mjini. Tulipendana sana na huyu shemeji yangu. Chai ya asubuhi alikuwa anakunywa gerejini kwangu.

Siku moja akaniletea pikipiki yake. Alisema mbele kunagonga, ko, ko, kila akipita kwenye mashimo au akishika breki. Madereva wenzake walikuwa wamemwambia ni shokapu.

Nikashika breki ya mbele, nikaisukuma pikipiki mbele na nyuma huku kidole nimekibandika shingoni, pale usukani unapoungana na fremu. Panacheza! Nikainua gurudumu la mbele juu ya kreti la soda, nikazungusha usukani taratibu. Kila ukifika katikati unashika, kama umetumbukia kwenye kijishimo. Basi nikajua shokapu hazina kosa. Gololi za shingoni zilikuwa zimekwisha, na vikombe zinamozungukia vimeliwa.

Kupima nilipima vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi! Ningekuwa sijui, si ningejitetea?

Gololi nzuri hapa Tunduma zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo Ezekia akaagiza seti mpya Mbeya, pamoja na vikombe vyake. Akaniletea Jumatano asubuhi. Alinisihi niifunge siku hiyohiyo, maana Jumamosi alitaka kumpeleka Salome kwa mama yetu Ihanda. Ilikuwa mimba ya kwanza, ya miezi saba, na kwetu mimba ya kwanza binti huenda kujifungulia kwa mama yake.

Sasa, gereji zetu za mpakani zina mazoea yake. Mteja aliyevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, anahudumiwa kwanza, kwa sababu jioni lazima awe amerudi kwao. Wa nyumbani ni wetu, ataelewa... Ndivyo tunavyofanya, na hakuna anayeona ubaya.

Mchana ule akaja Mzambia mmoja, pikipiki yake ina ugonjwa uleule, ana haraka, kwacha ziko mkononi. Akaiona ile seti juu ya meza. Akauliza kama ni ya kuuza.

Nikasema ndiyo.

Nikamfungia gololi za shemeji yangu! Mzambia akanipa mkono, akanishukuru kwa Kibemba, natotela sana, akaondoka anacheka. Nami nikajiambia wiki ijayo nitaagiza seti nyingine, nitambadilishia Ezekia kimyakimya. Pikipiki yake nikairudishia gololi zake zilezile zilizochoka, nikazishindilia grisi, nikakaza nati ya shingo mpaka mwisho. Kelele ikafa kabisa. Alipokuja jioni akaijaribu, akafurahi, akanishukuru mpaka nikaona haya.

Ijumaa akarudi. Aliniambia kelele imeisha lakini usukani umekuwa mzito, kwenye kona unataka kwenda unakotaka wenyewe. Hapo Mungu alikuwa ananipa nafasi ya pili... Unajua nilimjibu nini?

"Gololi mpya ndivyo zilivyo, shemeji. Zitalainika zenyewe."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini?

Jumamosi walipoacha lami na kuingia barabara ya vumbi ya kwetu, kwenye mteremko mdogo tu, usukani ukashika. Kona ikaenda kulia, pikipiki ikaenda moja kwa moja mtaroni. Ezekia alivunjika mfupa wa bega. Salome alipona, lakini mtoto aliyekuwa tumboni hakupona. Alikuwa wa kiume.

Baada ya maziko ukaitwa ukoo. Ezekia, mkono umefungwa shingoni, alieleza kwamba hakuwa na mwendo, usukani ulimgomea. Baba mdogo akadai Ezekia alikuwa amekunywa. Mwingine akasema vijana wa bodaboda wote ni haohao. Ndipo baba akanigeukia.

"Wewe ndiye fundi wake. Gololi mpya ulifunga?"

Watu wote walinitazama. Salome alinitazama. Ezekia alinitazama kwa matumaini, maskini, akijua kaka wa mkewe atamsaidia.

"Nilifunga, baba."

Maneno mawili tu! Kikao kikaamua kosa ni la dereva. Salome akakataa kurudi kwa mumewe. Ezekia alikuja kuomba radhi mara nyingi, mwisho akachoka, akauza ile pikipiki, akaenda Mkwajuni kwenye machimbo ya dhahabu. Na mimi? Nilikuwa nakula ugali na dada yangu nikimfariji. Nilikuwa na roho gani?

Miaka ikapita, lakini kila pikipiki iliyokuja inagonga mbele niliielekeza kwa fundi jirani. Mwaka huu nilishindwa kuvumilia. Nikapanda gari hadi Mkwajuni, nikamkuta Ezekia kwenye mashine ya kusaga mawe, amekonda, vumbi mwili mzima. Nilimweleza yote huku nalia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, shemeji. Kabla sijaiuza niliifungua mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Salome alikuwa ameshapoteza mtoto. Nimpokonye na kaka?"

Ana mke mwingine sasa, na binti mdogo. Alinipa maji ya kunywa, akarudi kazini. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Kutoka huko nilikwenda moja kwa moja Ihanda. Salome alikuwa uani anachambua kahawa. Nilimwambia kila kitu, pamoja na maneno ya Ezekia. Akaendelea kuchambua, kisha akasema bila kunitazama:

"Alinipigia magoti pale mlangoni, kaka. Nikamfungia mlango."

Hajasema nami tena tangu siku hiyo. Nikienda Ihanda ananiwekea chakula mezani, anatoka nje.

Mafundi wenzangu, nawasihi! Kifaa cha mtu usikipe mtu mwingine, hata kama mwenyewe ni ndugu yako. Na ukigundua umekosea, sema kabla pikipiki haijatoka gerejini. Nanyi madereva, kelele ikiisha usukani ukawa mzito, rudini mkagombane na fundi, msikubali maneno matamu. Mimi nilikuwa na siku tatu za kusema kweli, halafu nikapata kikao kizima cha ukoo. Nikaona haya kuonekana fundi mbaya... Leo ni fundi mzuri, kila mtu anasema hivyo, na dada yangu analala peke yake nyumbani kwa baba.