Mistari ya Kichwa cha Chiriku

Kila jioni Chiriku alikaa kwenye mkeka, kichwa chake kikiwa katikati ya magoti ya bibi yake. Bibi alisuka. Chiriku aliongea.

Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, kwa sababu mtoto huyu hakujua kunyamaza.

"Bibi, leo mwalimu kakalia chaki."

"Chaki ya rangi gani?"

"Nyekundu!"

"Maskini. Na suruali je?"

"Nyeupe, Bibi! Nyeupe pee!"

Bibi alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

Zamani kisingemponyoka. Bibi alikuwa msusi. Wanawake walimsubiri mlangoni tangu asubuhi. Kisha akapatwa na kiharusi. Mguu ulipona upesi, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito, vidole vimejikunja.

Daktari alimwambia, "Miezi hii ya mwanzo ndiyo muhimu. Mkono huu ufanye kazi kila siku, kazi unayoipenda."

Bibi alikuwa na kazi moja tu anayoipenda. Kwa hiyo Chiriku alileta kichwa chake. Mstari mmoja ulichukua jioni nzima, tena ulipinda. Hakuna aliyejali.

Baba yake Chiriku alikuwa kinyozi. Jioni moja alirudi kutoka dukani, akasimama mlangoni, akawatazama. Alifurahi. Lakini alikuwa mtu wa haraka, na alitaka mama yake apone haraka.

"Mstari mmoja tu, jioni yote hii?" alisema. "Chiriku, sikia. Kila mstari ukiisha, nakupa simu yangu, unacheza mchezo mmoja. Mistari mingi, michezo mingi."

Mama yake Chiriku alikuwa anaosha vyombo. Aligeuka.

"Baba Chiriku, huyu mtoto mbona anakaa hapo bila kuambiwa?"

"Basi sasa atakaa kwa furaha zaidi."

Mwanzoni mambo yalionekana mazuri. Mistari iliongezeka. Lakini maongezi yalipungua.

"Leo mwalimu kafanya vituko gani?" Bibi aliuliza.

"Hakuna, Bibi. Suka."

"Hata kimoja?"

"Bibi, bwana! Suka haraka, simu itaisha chaji."

Baadaye Chiriku akapata njia ya mkato. Mchana alimwomba rafiki yake wa shuleni amsuke. Jioni alikaa kwa bibi kidogo tu, kisha akakimbilia kwa baba.

"Baba, hesabu!"

Bibi alipopapasa kichwa cha mjukuu wake, alikuta kimeshasukwa. Alipaka mafuta kwa mkono wa kushoto, basi. Aliona mtoto anautaka mchezo wake, na hakutaka kuwa kizuizi.

Kinyozi hakujua. Dukani alijigamba kwa wateja. "Mama yangu amepona! Mje mwone mistari ya binti yangu. Imenyooka kama imepigwa rula!"

Jirani yao mmoja alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtaa mzima ulimwita Dada Mazoezi. Alisikia majigambo hayo, akapita jioni kumjulia hali Bibi, Kinyozi akiwa nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Hebu nishike vidole vyangu. Kaza. Kaza zaidi."

Bibi alikaza mpaka uso ukakunjamana. Vidole havikukaza.

"Mkono huu haujafanya kazi siku nyingi," alisema Dada Mazoezi polepole.

"Haiwezekani!" Kinyozi aliruka. "Chiriku, njoo! Tazama kichwa hiki!"

Dada Mazoezi alikitazama. "Mizuri sana. Nani kakusuka?"

Chiriku, ambaye hakujua kunyamaza, alinyamaza.

"Jibu!" Kinyozi alifoka.

"Rafiki yangu," alisema mtoto, machozi yakimlengalenga. "Baba, wewe ulisema mistari. Hukusema ya Bibi."

Kinyozi akamgeukia mama yake. "Nawe, mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba mjukuu wangu hataki tena kukaa na mimi?"

Mama alimvuta Chiriku kwake.

"Kinyozi," alisema Dada Mazoezi, "usimfokee mtoto. Unakumbuka ulipoanza kuwalipa vijana wako kwa kila kichwa wanachonyoa?"

"Nakumbuka."

"Mume wangu alirudi na kisogo kama shamba lililoingiliwa na mbuzi!"

Mama alicheka bila kutaka. Kinyozi naye alitabasamu, lakini kwa uchungu.

"Ulilipia vichwa, ukapata vichwa. Hukulipia unyoaji mzuri. Na hapa ni vilevile. Ulizawadia mistari, ukaletewa mistari. Wewe ulitaka nini?"

"Nilitaka mkono wa mama yangu."

"Ndiyo hivyo. Na kuna jingine, baya zaidi. Mtoto alikaa hapa kwa sababu anampenda bibi yake. Ulipoleta simu, ulimwambia bila kujua kwamba hii ni kazi, na kazi haifanywi bure. Watu wanaochunguza tabia za binadamu wameliona jambo hili. Zawadi inaweza kumsukuma mtu. Lakini pia inaweza kufukuza hiari aliyokuwa nayo."

"Kwa hiyo zawadi ni mbaya?"

"Hapana. Kuna mtu hana hamu kabisa, zawadi humwanzisha. Ila jiulize kwanza: je, huyu tayari anafanya kwa moyo wake? Na je, ninachokizawadia ndicho ninachokitaka?"

"Basi simu naiondoa leo hii!"

"Iondoe. Lakini usidhani kesho mambo yatarudi kama zamani."

Kweli hayakurudi. Kesho yake mkeka ulikuwa mtupu. Bibi alikaa na kitana mapajani.

"Chiriku, nenda kwa bibi," alisema Kinyozi.

"Kwani kuna mchezo?"

Hakusema kwa jeuri. Aliuliza tu. Ndiyo maana swali lile lilimchoma baba yake kuliko tusi.

Kinyozi alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mama yake.

"Mama, nisuke."

"Nikusuke nini, mwanangu? Una kipara!"

Chiriku alicheka kule kwenye kona. Bibi alimsikia.

"Chiriku, siombi kichwa chako," alisema. "Naomba mdomo wako. Yule mwalimu siku hizi anakalia nini?"

Mtoto alisogea kidogo kidogo. Bibi alimpa mkono wake wa kulia.

"Shika hapa. Nakaza. Ukisikia nguvu, niambie."

Chiriku alisubiri. Alisikia kitu kidogo sana, kama mdudu anatembea kwenye kiganja.

"Ndiyo nguvu yote hiyo, Bibi?"

"Ndiyo yote. Ilikuwa inakua tulipokuwa tunasuka."

Hapo Chiriku akaelewa mistari ile ilikuwa ya nini. Alilia sana. Kisha, katikati ya kwikwi, akaanza kusimulia habari za mwalimu.

Waliendelea hivyo jioni baada ya jioni. Miezi ikapita. Dada Mazoezi aliupima tena mkono. Vidole viwili vilikuwa vimerudi na nguvu. Vitatu vilibaki vimejikunja.

"Kama mkono usingelala ile miezi ya mwanzo..." alisema, akaishia hapo. Kinyozi aliimalizia sentensi ile moyoni, na tangu siku hiyo hakuacha kuimalizia.

Jioni moja, Bibi akimsuka tena Chiriku, Kinyozi alijisahau, akatoa simu mfukoni. "Chiriku, siitumii sasa. Chukua ucheze."

"Baadaye, Baba. Bibi hajamaliza, na mimi sijamaliza kumwambia."

"Shuleni watakucheka na mstari huo uliopinda."

"Walishanicheka. Nikawaambia kanisuka bibi yangu."

Kinyozi alirudisha simu mfukoni. Alikumbuka mistari ile iliyonyooka, aliyojigambia dukani. Kisha akaketi, akitazama vidole viwili vikifanya kazi ya vitano.