Uzi Kutoka Dirisha la Kaku

Soko la Kolwezi siku ya Jumamosi halina adabu: mtu anakukanyaga, halafu anakulaumu kwa kuweka mguu njiani. Katikati ya rabsha hiyo Kabedi alikuwa kwenye cherehani yake, kikwembe cha manjano kiunoni, tepu shingoni, pini tatu mdomoni, kijana mmoja mrefu alipoinama juu ya kopo lake la vifungo. Vumbi jekundu la barabara ya migodi lilikuwa limempaka viatu mpaka kwenye kamba.

"Yaya, mi nataka bifungo. Byeusi makumi ine, byekundu makumi ine."

Kabedi akatema pini. "Yaya ni nani hapa? Tunalingana. Na shati gani iko na bifungo makumi nane?"

"Haiko ya shati. Ni ya vita."

"Vita gani?"

"Ya 78, ya hapa kwetu. Tunaipiga juu ya meza. Kifungo kimoja, basoda kumi benye bunduki."

Kabedi alicheka hadi cherehani ikasimama. Akamhesabia vifungo, akamwongezea cheupe kimoja kidogo. "Hii ni ya jemadari mwenye kuogopa."

Kijana huyo aliitwa Elisée. Mchana alimsaidia mpimaji wa ardhi kwenye mgodi. Jioni yeye na wenzake walichora mji wa Kolwezi juu ya ubao, kwenye ukumbi wa parokia, wakapanga upya vita vya zamani. Kila upande unasogeza vifungo vyake, unatupa dadu. Na kabla ya kupiga, unavuta uzi kutoka kwako hadi kwa adui: uzi ukipita wazi, umemwona, ukigonga nyumba, hukumwona. Uzi hauna mjomba, alipenda kusema.

Alianza kumpigia Kabedi simu kila siku saa sita.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula hasira ya bakiliya benye kungoja manguo."

"Kuya, nikupatie sombe."

"Sombe ya mupimaji? Itakuwa na vumbi."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoshonwa, nukta kwa nukta, hadi siku Kabedi alipomsimulia habari ya bibi yake, Kaku Henriette. Wakati wa vita vile Kaku aliishi mtaa wa Manika. Maji yalipokwisha ndani, alimtuma mwanawe Gracien, wa miaka minane, kwenye robine, bomba la mtaa. Ndoo ilirudi, imebebwa na jirani. Mtoto hakurudi.

Nusu ya pili Kabedi aliimeza. Ndugu za mume walisema Henriette alisimama dirishani, akamwona mtoto akianguka, akaogopa kutoka. Kwa neno hilo walimfukuza na beseni moja na kitoto mgongoni, yaani mama yake Kabedi. Nyumbani kwao neno hilo halitamkwi.

Mwezi wa tano Elisée akaalika watu kuona mchezo. Kabedi, kwa kujivunia mpenzi, akamshonea Kaku libaya mpya, blauzi ya buluu, akamkalisha mstari wa mbele. Nyuma yao aliketi Tata Ngoy, mdogo wa marehemu mume wa Kaku, mmoja wa waliomfukuza, kofia juu ya goti.

"Hii ni nyumba ya Kaku Henriette," Elisée akasema, uso unang'aa. "Na hii robine. Jeshi yenye kuishika, eko na pointi tano." Akavuta uzi kutoka dirishani. "Munaona? Inapita. Muntu wa dirishani anaona robine yote!"

Tata Ngoy akakohoa. "Leo hata meza inasema. Aliona."

Kaku akasimama, akakaza kikwembe, akatoka bila kumtazama mtu.

Kabedi hakutoka. Alipitisha mkono juu ya ubao, majeshi yote mawili yakamwagika sakafuni.

"Nilikupatia mutoto wetu, weye unamufanya pointi tano!"

"Sheri, sikujua kama..."

"Sheri alibaki kwa soko! Uliuliza nani? Kaku eko muzima, anakula bukari kila siku, mulango wake haina kufuli. Uliuliza?"

Elisée akainama kuokota vifungo; alipoinuka, Kabedi alikuwa ameshatoka.

Alipiga simu mara kumi na tisa. Nyumbani Kaku hakula siku mbili. Libaya ya buluu ilikunjwa chini ya kitanda. Kila alipoikumbuka, Kabedi alikanyaga cherehani kama anayemkanyaga mtu. Lakini alikuwa msichana wa kutazama jambo mpaka lionyeshe upindo wake. Mara ya ishirini, akaitika.

"Sema."

"Nisamehe, Kabedi."

"Ile ramani ya kuchorea ubao uliitosha wapi, ilitoka kwa nani?"

"Kwa kazi. Ni ya kweli, inapimwa na..."

"Mi nikipunguza robe, nguo ya muntu, alama ya zamani haionekani tena. Ramani ile ilizaliwa mwaka gani?"

Karatasi zikasikika.

"Elisée?"

"Makumi nane na tatu," akasema kwa sauti ndogo.

"Vita ilikuwa 78. Enda utafute robine ilikuwa wapi mwaka ile. Mbele ya kujua, usinipigie." Akakata.

Wiki tatu simu haikulia, na hilo nalo likamkasirisha. Halafu, Jumapili moja baada ya misa, Elisée akawaita ukumbini watu wale wale, Kaku na Tata Ngoy wakiwamo. Kando yake alisimama Mama Louise, aliyechota maji Manika tangu usichana wake.

"Robine ilihamishwa nyuma ya vita kuisha," Mama Louise akasema. "Ya kwanza ilikuwa kule nyuma ya nyumba ya mikate. Simenti yake iko mpaka leo. Nilimuonyesha, akapima."

Elisée akavuta uzi kutoka dirishani kwa Kaku. Ukagonga ukuta wa nyumba ya mikate. Akavuta tena. Ukagonga.

"Uzi ni uzi tu," Tata Ngoy akanung'unika.

Kabedi akamgeukia. "Tata, mwezi ule uzi ilikuwa shahidi. Leo imekuwa uzi tu?"

Mzee akazungusha kofia mikononi. "Mulamu Henriette, muke wa kaka... tulikosea."

"Miaka makumi ine na saba," Kaku akasema. "Siku ile ile nilibaambia: kuko ukuta. Kinywa changu hamukusikia. Munasikia uzi."

Elisée akaweka kifungo cheupe kidogo penye robine. "Nimetosha zile pointi tano, haziko tena. Hii hakuna mwenye kuipiga. Jeshi yenye kupitisha vita hapa, imeshindwa."

Kaku akakitazama. Akakiokota kwa vidole viwili, akauchukua na uzi. "Kabedi, nishonee hii. Hapa, kwa moyo."

Kabedi akapiga magoti, akautunga uzi kwenye sindano.

"Na mi?" Elisée akanong'ona nyuma yake.

"Mi niko na hasira bado."

"Mupaka siku gani?"

"Mupaka Jumamosi. Kuya na bajomba wako kwa lupango, kwetu nyumbani, balete posa." Akavuta nukta ya mwisho. "Lakini uulize Kaku kwanza, mbele ya kuuliza mi."

Akaukata uzi kwa meno.