Munishushe Hapa

Kioo cha kompyuta ya gari kiliwaka kabla Zacharie hajatia ufunguo. Si jambo kubwa. Waya zinagusana, mtu anazitenganisha, kazi inaendelea. Akafungua dashibodi, akapapasa, akakuta kila waya mahali pake. Ila palikuwa na harufu, kama ya nywele zilizopita karibu na moto.

Zacharie hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza, mpaka mtaa mzima wa Vulamba ukajua kwamba anayetaka kompyuta ndani ya gari aende kwake. Hakupenda mifumo mizito inayoganda njiani. Wake ulikuwa mdogo, mwepesi, unakaa wote kwenye kadi ya ukubwa wa ukucha na kuamka kabla injini haijatulia: unasoma joto la maji, unaonyesha kamera ya nyuma, unapiga muziki, na gari likiibiwa unakata pampu ya mafuta.

Kompyuta ya gari lake mwenyewe aliitoa kwa Kamate, muuza vyuma, ndani ya taxi iliyoungua kwenye njia ya Beni. Kamate alimwambia wazi.

"Mutu alifia ndani, kijana wa kule Mulekera. Benyewe hawajakuja kumushusha. Ngoja kwanza, Zacha."

Maana ndiyo desturi: aliyefia garini, mtu wa nyumba yake hufungua mlango, akamwita kwa jina, akamwambia tumefika, shuka. Kabla ya hapo hakitolewi kitu, hata skrubu.

"Chuma haina roho," Zacharie alijibu. "Unataka nipange mustari pamoja na wafu?"

Wala kadi iliyokuwa ndani yake hakuifuta. Mipangilio yote ilikuwa tayari, ya nini kuanza upya? Ilikwenda vizuri hata akainakili yote kama ilivyo, nakala akaitia kwenye kompyuta ya lori la jirani yake Mathe, anayebeba maharagwe ya Kirumba.

Jumamosi alikuwa akimpeleka mkewe Nadège kwa dada yake, Kirumba. Jua lilikuwa kali, muziki unalia. Mara muziki ukakatika, na ndani ya baffle, zile spika za gari, ikatoka sauti ya chini, ya mtu mwenye koo kavu.

"Chauffeur, munishushe hapa."

Nadège akageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Papa Élysée, nani huyo?" Alimwita hivyo kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Ni radio."

"Radio inajua kama weye njo chauffeur, weye njo mwenye kuendesha?"

Zacharie akakanyaga mafuta, kwa hasira zaidi kuliko hofu, na hapo kamera ya nyuma ikajiwasha yenyewe ijapokuwa walikuwa wakienda mbele, ikaonyesha vumbi, na ndani ya vumbi kijana aliyetembea polepole, mikono ubavuni, gari likikimbia na yeye akitembea tu, asibaki nyuma hata kidogo, na ile harufu ya nywele ikajaa mpaka Nadège akaziba pua kwa kitenge, na sauti ikasema tena munishushe, kisha pampu ya mafuta ikakatika katikati ya mteremko, usukani ukawa mzito, breki ngumu kama jiwe, mpaka Zacharie akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo ili lisimame.

Nadège alishuka, akapangusa damu ya mdomo.

"Kichwa yako iko nguvu kuliko hii chuma yako. Mimi hapana panda tena. Alhamisi nitaenda Kirumba na Mathe."

Zacharie akaing'oa kadi. Ilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa. Akaikunja mpaka ikavunjika, akatoa na betri. Kioo kikabaki kinawaka. "Munishushe," kikasema.

Alhamisi akarudisha betri, akaenda kwa Kamate kuuliza jina la marehemu, kisha akashika njia ya Beni peke yake, akikiambia kile kiti kitupu njia nzima: nakupeleka kwenu, tulia, nakupeleka kwenu.

Huko Mulekera, mtaani Beni, alimkuta Marie-Jeanne, mama wa marehemu, anaanika muhogo. Akamweleza yote bila kuzungusha.

"Kumbe umemutembeza mutoto yangu kama mufuko ya makaa," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Nilikosa."

"Zima moteur."

Zacharie akazima injini. Mama akafanya ishara ya msalaba, akafungua mlango wa nyuma.

"Jéthro, mwana wangu. Tumefika. Shuka."

Gari likainuka kidogo kwa springi zake, kama linavyoinuka abiria mzito akishuka. Kioo kikazimika. Harufu ikaondoka. Marie-Jeanne akafumba kiganja chake kana kwamba ameshika mkono wa mtu, akaingia nacho ndani ya nyumba polepole, na aliporudi uso wake ulikuwa umelegea.

Simu ya Zacharie ikaita. Alikuwa Nadège, akinong'ona.

"Papa Élysée. Niko na Mathe, tunashuka mulima. Njo ile sauti ile ile. Inasema."

Nyuma ya sauti yake, ndani ya baffle za lori, ikasikika: "Chauffeur, munishushe hapa."

Hapo Zacharie akaikumbuka ile nakala aliyoitia kwenye lori.

"Ambia Mathe asimamishe gari. Sasa hivi."

"Iko anakanyaga frein. Breki hapana shika."

Akamsogezea Marie-Jeanne simu. "Mama, mumuite tena. Bibi yangu Nadège iko mule, ndani ya lori."

Marie-Jeanne akasikiliza, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akamrudishia simu.

"Sauti ni ya Jéthro," alisema taratibu. "Lakini Jéthro nilimushika mukono, ameketi ndani. Huyu mwenye kuikopa sauti yake simujui, na jina lake sina. Nitamuitaje?"

"Papa Élysée," Nadège akanong'ona, "kuna mutu anatembea nyuma yetu."

Kisha, ndani ya simu, injini ya lori ikanyamaza.