Diski Bubu ya Saveta

Kwanza lilinyamaza birika. Lilichemka jikoni, mvuke ukapanda hadi darini, kifuniko kikarukaruka, wala halikutoa mlio wake wa filimbi hata kidogo. Tiberiu alilitazama, kikombe mkononi, akajiambia ni kutu. Mtu mwenye digrii ya falsafa na miaka mitatu ya kuzurura bila kazi hawezi, juu ya yote hayo, kuanza kuogopa birika.

"Unanusa?" mama yake, Filofteia, aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Nanusa kabichi, mama. Jengo zima hili linanuka kabichi."

"Si kabichi. Nta ya mshumaa na majani ya mrehani. Kama chumba cha Saveta siku ile aliyokufa."

Tiberiu alizima jiko. Jina hilo hakutaka kulisikia.

Saveta alikuwa bibi kizee, jirani yao wa ghorofa ya chini. Mwanawe wa pekee, Marinel, alikuwa ughaibuni, mjini Torino, akipaka rangi majumba ya watu, na hawakuwa wamesemezana tangu aondoke kwa matusi. Bibi alipoona safari yake imewadia, alimwita Tiberiu aje na kamera yake ya kupigia harusi. Kwao, anayekufa husamehe kwa sauti, na anayesamehewa lazima ausikie msamaha kwa masikio yake kabla ya siku ya arobaini, roho inapoaga dunia. Barua haihesabiwi.

"Nirekodi, mjukuu wangu," alisema. "Marinel anisikie."

Tiberiu alirekodi huku akili yake iko kwenye mpira. Hakusikiliza hata neno moja.

Baada ya mazishi akaichoma video ile kwenye diski ya DVD. Programu ikamwonya kwa maandishi mekundu: sauti ya MP3 haifai, deki za nyumbani zinataka AC3, au ile ghafi isiyobanwa. Kuibadilisha kungemla nusu saa, na wenzake walikuwa wanamngoja baa. Akabonyeza "endelea". Kwenye kompyuta yake ilicheza vizuri tu. Kompyuta haina maringo, inakula chochote. Akampa dereva wa basi la Torino bahasha, akaenda kunywa.

Marinel alipopiga simu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaka Tiberiu, mama anafungua mdomo, lakini hasemi."

"Deki yako mbovu. Uko kwa wenye hela bwana, nunua ya maana."

"Nimeazima na ya jirani. Ni vilevile. Labda amekataa. Labda hata kufa kwake hakutoshi, hataki kunisemesha."

Hapo ndipo Tiberiu alipopaswa kusema: Kosa ni langu, nakutumia nyingine. Basi. Lakini msomi wetu, aliyeshinda akiitukana serikali kwa uzembe, aliona aibu ya dakika moja ni mzigo mzito kuliko roho ya mtu.

"Labda," alisema, akakata simu.

Na sasa birika. Kesho yake bomba la maji likamwaga bila kuvuma. Mlango ukajibamiza kwa upepo, ukuta ukatikisika, kimya. Kwa kuwa Saveta hakuwa na mtu wa kumwekea glasi ya maji dirishani, kama roho za kwao zinavyowekewa, Filofteia alikuwa akiiweka kwake. Kila asubuhi aliikuta nusu, na ukingoni mna alama ya mdomo.

"Ana kiu ya nini huyu?" Filofteia alinong'ona, macho kwa mwanawe. "Tiberiu, mwanangu, Saveta umemfanya ni—"

Midomo yake iliendelea. Sauti haikuendelea. Akajishika koo, akasema tena, akapiga kelele, mishipa ya shingo ikamtutumka, na chumbani kukawa kimya kama diski ile, na harufu ya nta ikapanda nzito mpaka ulimi ukaionja, na spika za kompyuta iliyokuwa imezimwa zikaanza kutoa kitu ambacho si neno wala pumzi, ni mchakacho wa midomo mikavu inayofunguka na kufumba, inafunguka na kufumba, karibu kabisa na sikio la Tiberiu, kama mtu anayesema jambo moja tangu azikwe na kila akilisema linaangukia kwenye pamba, na Tiberiu, aliyekuwa na hoja ya kukanusha kila kitu kuanzia Mungu kwenda chini, akajikuta amepiga magoti mbele ya glasi ya maji.

"Ni mimi," alisema, akilia. "Deki haikuwa mbovu. Nilivivia, halafu nikadanganya, nikamwacha mwanao aamini hukumtaka. Nisamehe, bibi. Mrudishie mama sauti yake. Chukua chochote."

Midomo ile ikatulia.

Akawasha kompyuta, akalitafuta faili la zamani, akaibadilisha sauti kuwa AC3. Safari hii alivaa visikilizio akamsikiliza Saveta mpaka mwisho: "Marinel, mwanangu, nimekusamehe, nawe nisamehe." Alipokuwa akiichoma diski, nyuma yake alimsikia mama yake akikohoa, kisha akisema, kwa sauti kavu, "Maji." Tiberiu alimkumbatia bila kusema kitu. Alidhani ni furaha iliyomziba sauti.

Basi lilifika Torino siku moja kabla ya arobaini. Simu ililia jioni yake. Filofteia aliweka spika.

"Nimemsikia," Marinel alisema, akilia kama mtoto. "Nimemsikia mama. Asante, kaka." Akapenga kamasi. "Ila mwishoni, baada ya mama, picha inakuwa nyeusi na kuna kijana analia. Anasema alivivia, akadanganya. Anasema chukua chochote. Ni wewe huyo?"

Kompyuta ya Tiberiu haikuwa na kinasa sauti.

"Kaka? Ni wewe?"

Tiberiu alifungua mdomo kumjibu. Filofteia alimtazama mwanawe, midomo ya kijana ikifunguka na kufumba, inafunguka na kufumba bila sauti, kisha akaisogelea simu na kujibu badala yake.

"Ndiyo," alisema. "Ndiye. Itunze hiyo diski, Marinel. Sauti yake iko humo tu. Usije ukaivunja."